Bibi Safwana na Marobota Sita ya Karatasi

Wameeleza waliohifadhi habari za watu wema kwamba katika nchi ya Khurasani aliishi mjane mchamungu, jina lake Safwana binti Yunusi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karatasi, na misafara ilizichukua karatasi zake hadi Iraki, ambako wanakili wa misahafu walizipenda kwa ulaini wake. Mji wake wote uliishi kwa biashara hiyo.

Mwaka mmoja ngano iliadimika. Siku ya nne tangu msafara uondoke na marobota sita ya karatasi zake, fundi wake aitwaye Miqdadi alimjia.

"Bibi, nisamehe kwa ajili ya Allah. Wanga wa ngano wa kupaka karatasi ulituishia. Nikatumia gundi niliyoichemsha kwa ngozi za ng'ombe waliokufa kibudu, bila kuchinjwa."

"Katika robota lipi?"

"Yote sita, Bibi."

Karatasi zile zilikuwa zimeagizwa na Shekhe Nu'mani, mwandishi wa misahafu, naye alikuwa hangoji mzigo upumzike. Ukifika asubuhi, adhuhuri kalamu imekwishachovywa. Maneno ya Mola yataandikwa juu ya najisi, na Safwana ndiye aliyeipeleka.

Alimwita kaka yake Hudhaili, wakapanda ngamia siku ile ile. Njia nzima hakula ila kidogo. Kila walipokutana na wasafiri aliuliza habari za msafara, na kila mara aliambiwa umekwisha kupita.

Walipofika forodha ya mpakani, liwali wa pale aliwazuia. Baina ya watawala wa nchi mbili hizo kulikuwa na shaka, na hakuvuka mtu bila kueleza haja yake.

Hudhaili alimvuta dada yake pembeni. "Mwambie tunakwenda kuzuru jamaa. Ukilitaja jambo hili hapa, watazuia karatasi za mji wetu wote. Majirani zako watakula nini?"

Safwana alitazama upande wa pili wa mpaka. Aliwakumbuka majirani kwa majina yao, nyumba hadi nyumba.

"Kaka, sisi hatuna jamaa Iraki," alisema. Kisha akamwendea liwali, akamweleza yote.

Liwali aliweka kalamu chini. "Unajua, Bibi, kwamba nikiyaandika haya, robota lolote kutoka kwenu halitavuka hadi ichunguzwe kazi ya kila fundi?"

"Najua."

"Na hakuna aliyekushtaki?"

"Bado," alijibu Safwana. "Nami nakimbia nifike kabla ya siku hiyo."

Liwali aliandika. Hata hivyo hakuwa na mamlaka ya kuwaruhusu yeye mwenyewe, ikabidi atume mjumbe kwa mkubwa wake. Wakangoja siku tatu. Hizo zilikuwa siku nzito kuliko safari nzima. Safwana aliswali, akatoa salamu, akaswali tena. Kila jua lilipopanda alihesabu kurasa ambazo huenda zimekwisha kuandikwa. Hudhaili alimwambia, "Umekwisha kusema kweli, sasa tulia." Akajibu, "Nimesema kweli, lakini kutulia sijajaliwa. Namwomba Mola subira tu."

Siku ya nne walipewa idhini. Walipofika kwa Shekhe Nu'mani walimkuta ameinamia kazi, kurasa zilizokauka zimepangwa kando yake. Alikuwa amefika Surat Aali Imran.

Safwana alisimama mlangoni, akaeleza habari ya gundi. Aliposema neno "kibudu", mkono wa Shekhe ulisimama hewani. Safwana alingoja hasira ya Shekhe, akaona anaistahili.

Shekhe aliinuka, akateka maji safi, akaanza kuosha wino ukurasa mmoja baada ya mwingine, machozi yakimtiririka ndevuni. Safwana naye alikunja mikono ya nguo, akamsaidia kuteka maji. Walipomaliza ule wa mwisho, Shekhe alisema, "Nimeandika misahafu maisha yangu yote, wala sikuwahi kuuliza karatasi imepita mikononi mwa nani. Ulikuwa na khofu ulipokuja?"

"Mpaka sasa ninayo, Shekhe."

"Na bado ulikuja," akasema, akamwombea dua.

Mwaka ule karatasi za mji wa Safwana hazikuvuka mpaka. Baadhi ya majirani waliacha kumwitikia salamu, naye akavumilia, akigawana nao ngano yake ndogo. Miqdadi hakumfukuza, alimfundisha kazi upya. Mwaka uliofuata wachunguzi walikuja, wakaikuta kazi ya mafundi wote ni safi, forodha ikafunguliwa. Wanakili wa Iraki wakawa wanaagiza wakisema, "Tuleteeni kutoka mji wa yule mwanamke aliyekuja mwenyewe."

Ndugu zangu, tusidhani kwamba waja wema walitenda haki kwa kuwa hawakuogopa. Safwana aliogopa alipokwenda, akaogopa alipongoja, akaogopa hata baada ya kusema. Lakini aliogopa kumkosea Mola wake kuliko alivyoogopa forodha na majirani, na khofu hiyo ndiyo iliyomvusha. Mwenyezi Mungu atujaalie sehemu ya khofu hiyo, japo ndogo.