Kufuli Kwenye Friza ya Wote

Kwetu Ukambani, mto ukikauka maji hayajaisha. Yameshuka tu chini ya mchanga, na watu huyafuata kwa jembe na kata. Kisima cha mchangani kina mchimbaji, lakini hakina mwenyewe. Afikaye na kiu huteka akaenda zake. Atakayekizungushia miiba ateke peke yake hana siku nyingi, kwani kisima kisichotekwa na wengi hubomoka kikajaa mchanga. Wazee waliyaona hayo, wakasema mtaka yote hukosa yote. Asiyeamini na amtazame Daktari Ndolo.

Ndolo alifundisha katika chuo kikuu kimoja cha sayansi za afya, nje kidogo ya mji wa Kitui. Katika maabara ya chuo hicho kulikuwa na friza ya kutunzia sampuli. Ilikuwa nyeupe, ndefu kumpita mtu mrefu, mlango wake mzito kama wa stoo ya mahindi, na baridi yake iligeuza damu ikawa jiwe. Ililetwa kwa ajili ya watafiti wote. Ndani mlikuwa na rafu tano, kila idara na yake. Ndolo alikabidhiwa ufunguo autunze, si autawale.

Lakini fisi hapewi bucha alinde. Kwanza Ndolo alisogeza vichupa vyake kwenye rafu ya pili, akisema ni kwa muda. Muda ukazaa muda. Kisha akanunua kufuli jipya, jeusi, kubwa kama ngumi, na ufunguo wake akauning'iniza shingoni pamoja na kitambulisho cha kazi. Mwenye haja ya friza alilazimika kumbembeleza kama mtoto anayeomba sukari.

Mmoja wa waliobembeleza alikuwa Nthenya, mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa kijiji cha Tulia. Alikuwa akichunguza magonjwa ya mifugo yanayoharibu mimba za akina mama huko Tseikuru. Huko alikutana na Ijabo, mke wa mchuuzi wa mbuzi, ambaye mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na sasa alikuwa na ya tatu, changa. Ijabo alikunja mkono wa buibui akatolewa damu. Akaleta na maziwa ya mbuzi wake katika chupa ya soda aliyoiosha kwa maji ya moto.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Ni hawa mbuzi, ama ni mimi?"

Nthenya alimwahidi jibu. Sampuli zingepumzika kwenye friza hadi gari la chuo lizipeleke Nairobi kupimwa.

Gari lilipokuwa tayari, Nthenya aliingia maabara na sanduku lake la barafu. Hakufika kwenye friza. Vichupa vyake vilikuwa kwenye beseni la kufulia, chini ya sinki, vikielea katika maji ya vuguvugu. Maziwa ya Ijabo yalikuwa yameganda mtindi. Karatasi zenye majina ya akina mama zilikuwa zimebanduka zikashikamana kama majani ya chai.

Alimkuta Ndolo ofisini akila njugu.

"Daktari, nani ametoa sampuli zangu?"

"Mimi. Nilihitaji nafasi."

"Ile ni rafu ya idara yetu."

"Msichana, mimi nina mradi wa miaka, damu ya Makueni nzima. Wewe una vichupa vya mbuzi. Rudi huko ukachukue vingine, kwani damu zao zimeisha?"

Nthenya alirudi maabara, akabeba lile beseni kama lilivyo hadi kwa mkuu wa idara, akalitua juu ya meza yake. Mkuu alilitazama, akasema atalizungumzia kwenye mkutano. Mkutano wenyewe haukuitishwa.

Basi alirudi Tseikuru. Ijabo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, hakumkaribisha kiti.

"Damu yangu imemwagwa?"

"Iliharibika, mama. Nisamehe."

"Ng'ombe wa watu akipotea kwa mchungaji, mchungaji analipa. Wewe utanilipa nini? Hii mimba inahesabu siku, haingoji chuo."

"Sina cha kulipa. Nimekuja kuomba tena."

Ijabo alicheka, kicheko kikavu kama ganda la boga. "Kumbe daktari naye huomba kama sisi." Kisha akaketi, akakunja mkono wa buibui. "Toa. Lakini nikisikia tena habari ya beseni, usipite tena kwa hii barabara."

Safari hii Nthenya hakuenda maabara. Mjini Kitui, nyuma ya soko, palikuwa na ofisi ya mifugo yenye friza ndogo, kuukuu, yenye kutu miguuni, ya kuwekea chanjo za ng'ombe. Afisa wa hapo, Bi Kaluki, alisogeza makasha yake. "Weka hapo, mamangu. Ni ya serikali, si ya babangu." Watafiti wengine waliosukumwa na Ndolo wakasikia, wakaleta vyao. Palibanana, lakini palitosha.

Jumamosi moja king'ora cha friza kubwa kililia. Mashine yake ilikuwa imekufa. Kivuva, fundi wa maabara, alimpigia Ndolo, ambaye alikuwa kwenye semina Mtito Andei, na Nthenya, aliyesikia king'ora, akakimbilia maabara na nyundo na sanduku la barafu.

"Daktari, friza imekufa," alisema Kivuva. "Turuhusu tukate kufuli. Kwa Bi Kaluki bado kuna nafasi."

"Kwa friza ya ng'ombe?" Sauti ya Ndolo ilisikika hadi mlangoni. "Mnataka kuniibia kazi yangu. Atakayegusa kufuli nitamfunga. Nitakuja nikimaliza."

"Si kazi yako peke yako," Nthenya alipaza sauti kuelekea simuni. "Ni damu ya watu waliodungwa sindano!"

Simu ikakatwa. Nthenya aliinua nyundo. Kivuva akamshika mkono. "Nthenya, yeye ndiye husaini mkataba wangu wa kazi. Mimi nina watoto." Nthenya akaishusha, machozi ya hasira yakimchoma macho, na king'ora kikaendelea kulia mpaka betri yake ikaisha.

Ndolo alirudi Jumatatu, shati limepigwa pasi. Alipofungua, maji mekundu yalimwagikia viatu vyake, na harufu ikawatoa watu nje wakiziba pua. Rafu zote tano zilikuwa zake, na zote tano zilikuwa zimeoza.

Majibu ya Tseikuru yakatoka Nairobi. Walikuwa ni mbuzi: ugonjwa wao ulipitia kwenye maziwa mabichi. Ijabo alitibiwa, akaanza kuchemsha maziwa, na mimba ile ikakaa. Naye alipoambiwa alisema polepole, "Kwa hivyo si mimi."

Chuo kilimnyang'anya Ndolo ufunguo. Ndipo alipomfuata Nthenya kwenye veranda, sauti imelainika kama uji.

"Binti yangu, hizo sampuli zako tuziandikie makala pamoja. Jina langu litakusaidia."

Nthenya alimtazama kutoka viatu hadi kichwa. Hasira yake haikuwa imepoa, na hakuona sababu ya kuipoza.

"Mimi nilikwenda Tseikuru, nikasimama mlangoni, nikamwambia mama wa watu kwamba damu yake imemwagwa," alisema. "Makueni wanakungoja wewe. Nenda ukawaambie."

Akamwacha pale na kufuli lake jeusi mkononi, halina tena cha kufunga. Ndolo alitaka rafu zote, na hata moja hakubaki nayo. Kweli, mtaka yote hukosa yote.