Siku Kigoda Kilipozuiwa Njiani

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa tena, wa nyuma sijawasikia!
— Pakawaaa!
Palikuwa na njia?
— Ilikuwapo!
Na nani aliyeifunga?
— Sema wewe, sisi tuna watoto!

Haya, nitasema mimi. Sogeeni karibu. Na wewe unayekoroma sogea pia, maana hadithi hii si ya kulalia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika ya Mawe Meusi walikunywa kwenye chemchemi moja. Haikuwa na mwenyewe. Twiga alikunywa, panya alikunywa, na hata fisi, pamoja na mdomo wake ule, alikunywa. Kikaja kiangazi kikali. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, ikabaki chemchemi peke yake. Mzee Kiboko, aliyekuwa mtawala wa nyika, naye bwawa lake likapasuka nyufa. Akainuka na mwili wake, akaenda akajitosa katikati ya chemchemi, akaijaza ukingo hadi ukingo. Akasema, "Kuanzia leo hapa ni kwangu. Ngozi yangu haitaki jua."

Hebu fikirini, jamani. Ngozi yake haitaki jua! Na koo za wenzake zilitaka nini, vumbi?

Sasa, wanyama wale walikuwa na desturi yao. Kitu cha wote kikichukuliwa na mmoja, wenyewe wana siku saba za kulalamika. Na malalamiko hayapelekwi na mmoja mmoja kwa kunong'ona. Lazima likae baraza, kila ukoo, isipokuwa wa anayelalamikiwa, ulete kinywa chake, na katikati kiwekwe kigoda cha miguu mitatu. Kigoda hicho hakikaliwi na yeyote. Mwenye kusema hukigusa, akasema. Asiyekigusa hunyamaza. Koo zote zikishasema, hukumu ya baraza haipingwi, hata na mtawala. Lakini jua la siku ya saba likizama na baraza halijakaa, basi, kitu kimekwenda. Ni cha aliyekichukua, yeye na wajukuu zake.

Mtunza kigoda alikuwa Bi Ngiri. Sura yake mnaijua, sina haja ya kuisema. Lakini uzuri hauchoti maji, na meno yake yale yaliyopinda yalibeba kigoda vizuri kuliko mikono ya nyani. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Kitindamimba wake aliitwa Siwazuri. Jina la utani tu hilo, kwa maana kwa mama yake hakuna aliyempita kwa uzuri. Siku sita bila maji, maziwa ya Bi Ngiri yakakatika. Siwazuri akaacha kucheza, kisha akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia, mama haulizi tena.

Alfajiri ya siku ya saba Bi Ngiri akawaambia wanawe, "Kaeni shimoni, hapo pana ubaridi. Baraza limeitwa leo, naenda huko. Adhuhuri nitakuwa nimerudi na maji." Akakipakia kigoda menoni, akajifunga kibuyu kitupu shingoni, akatoka mkia juu, huku akiimba:

*Nipisheni nipite, kigoda kiko njiani,*
*baraza laningoja, jua halimngoji mtu.*

Kumbe Mzee Kiboko alikwisha pata habari. Akamwita Fisi, mpiga mbiu wake, na Afande Nyati, mkuu wa walinzi. Akasema, "Wakija mmoja mmoja siwaogopi. Wakikusanyika nimekwisha. Fungeni njia."

Fisi akauliza, "Tuwaambie sababu gani, Mzee?"

"Waambieni yoyote."

Basi zikafungwa kwa miiba njia zote tatu ziendazo uwanja wa baraza.

Bi Ngiri akashika njia ya korongoni. Akakuta kizuizi, na nyati wawili wamesimama.

"Simama! Watoka wapi?"
"Shimoni kwangu."
"Waenda wapi?"
"Barazani."
"Mko wangapi?"
"Mimi na kigoda."
"Basi mko wawili. Huo ni mkusanyiko! Rudi!"

Bi Ngiri akasema, "Baba, kigoda ni mti."
"Ni kwa usalama wako, mama. Rudi!"
"Kwani nani ananitishia?"
"Mimi. Rudi!"

Akarudi. Akashika njia ya vichakani, mkia juu, akiimba:

*Nipisheni nipite, kigoda kiko njiani,*
*baraza laningoja, jua halimngoji mtu.*

Akakuta kizuizi cha pili, na nyati wanne.

"Simama! Una kibali?"
"Kibali anatoa nani?"
"Mzee Kiboko."
"Yuko wapi?"
"Kwenye chemchemi, ng'ambo ya kizuizi hiki."
"Basi nipisheni nikakiombe."
"Hupiti bila kibali. Rudi!"

Mnacheka? Chekeni tu. Bi Ngiri hakucheka. Jua lilikwisha panda, na kila hatua ya kurudi aliihesabu kwa pumzi za Siwazuri.

"Nenda njia kuu," nyati mmoja akamwambia. "Tumeamriwa wote waende huko wakakaguliwe."

Akaenda njia kuu, koo limekauka, wimbo unakwaruza:

*Nipisheni nipite, kigoda kiko njiani,*
*baraza laningoja, jua halimngoji mtu.*

Huko alikuta nini? Alikuta dunia nzima. Waliokuwa wakienda barazani walikuwapo, na wasiokuwa na habari na baraza walikuwapo pia. Punda milia alikuwa akienda kumzika mjomba wake, na mjomba huko anaharibika kwa joto. Nyani na mkewe walikuwa wakimpeleka bibi harusi. Sungura alikuwa na mzigo wa majani unaonyauka mgongoni. Kobe alitoka kwake tangu juzi, alifika mapema kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakuta pamefungwa. Na Bi Swala, tumbo limeshuka, alikuwa akienda kwa mkunga Mama Kongoni. Amesimama juani, anauma midomo.

Mbele ya miiba alisimama Afande Nyati mwenyewe, pembe zimeng'aa, mkanda wa ulinzi umembana kifuani. Pembeni yake Fisi alipanda kichuguu akapiga mbiu.

"Ndugu wananchi! Mzee Kiboko anasikitika kwa usumbufu mnaoupata! Usumbufu huu umeletwa na wachochezi wanaotaka kukusanyika! Wamezuia shughuli za umma! Ulaaniwe uchochezi!"

Bi Ngiri akamwendea Afande Nyati. "Afande, mimi nizuie. Huyu Bi Swala mpishe, uchungu umemshika."

"Amri ni amri, mama. Mmoja akipita, wote watataka kupita."

"Ni njia, baba. Kupita ndiyo kazi yake."

Adhuhuri ikafika, ikapita. Na papo hapo barabarani, kwenye vumbi, mbele ya walinzi wenye mikanda, Bi Swala akajifungua. Wanawake wakamzunguka kwa miili yao kumsitiri, twiga akainama kumpa kivuli. Mtoto akatoka, akatikisa masikio. Hapakuwa na tone la maji la kumwosha. Na Fisi, juu ya kichuguu, akapaza sauti: "Msijikusanye hapo! Tawanyikeni! Mnasumbua umma!"

Lo! Bi Ngiri akasikia kitu kinamkatika ndani. Akakitua kigoda chini, katikati ya njia, puu!

"Fisi," akasema, kwato juu ya kigoda, "hebu nionyeshe huo umma. Huyu aliyezaa juani ni umma? Huyu anayengojwa kaburini ni umma? Bibi harusi huyu ni umma, au ni mchochezi kwa kuwa kavaa shanga? Umma ndio sisi! Na miiba hii hatukuiweka sisi. Mtu anafunga mlango, kisha anawapigia kelele waliobaki nje kwamba wanaziba mlango!"

Wanyama wakaguna. Bi Ngiri akainua macho, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Ukoo wa twiga upo. Ukoo wa punda milia upo. Nyani wapo, sungura wapo, kobe yupo, panya yupo. Kwa miaka mingi baraza lilikuwa likikosa huyu au yule, mara mgonjwa, mara mvivu. Leo hakuna aliyekosa. Mzee Kiboko kawafungia njia zote, akawaleta wote hapa kwa mkono wake mwenyewe.

"Jamani," akasema, "baraza limeanza."

Fisi akaruka kutoka kichuguuni. "Hapa si uwanja wa baraza!"

"Desturi haikutaja uwanja. Imetaja kigoda. Ukitaka kusema, njoo ukiguse, useme kwa niaba ya ukoo wa fisi."

Fisi akanyoosha mguu, akaurudisha. Kukigusa ni kukiri kwamba baraza lipo. Akarudi nyuma.

Wakaanza kusema. Twiga akakigusa, akasema, "Tuna kiu." Punda milia akakigusa, akasema, "Tuna kiu." Bi Swala akabebwa pamoja na mtoto wake hadi hapo, akakigusa kwa kwato, akasema, "Mimi na huyu wa leo, tuna kiu." Hata mke wa Fisi akajitokeza katikati ya umati, akakigusa, akasema, "Tuna kiu, na mume wangu anaongopa. Nyumbani hatuna hata tone." Koo zote zikasema. Ukabaki mmoja.

Jua lilikuwa limeinama. Bi Ngiri akamgeukia Afande Nyati.

"Afande, ukoo wa nyati haujasema."

"Mimi ni mlinzi."

"Mlinzi ni kazi. Nakuuliza wewe, nyati, mtoto wa nyati. Leo umekunywa nini?"

Walinzi wake wakamtazama. Kila asubuhi waliteka maji yaliyovuja chini ya makalio ya Mzee Kiboko, yaliyojaa mavi yake, na wakaambiwa washukuru. Wenyewe walijua. Waliona haya kusema.

"Baba," Bi Ngiri akasema taratibu, "nina mtoto shimoni. Nilimwambia adhuhuri."

Afande Nyati akatazama jua. Akafungua mkanda kifuani, ukaanguka vumbini. Akaweka kwato juu ya kigoda.

"Sisi ukoo wa nyati," akasema, "tuna kiu."

Baraza likatimia. Hukumu ilikuwa neno moja: atoke. Nyati wenyewe wakaizoa miiba kwa pembe zao. Wakaenda chemchemini wote pamoja, ardhi inatetemeka, na Mzee Kiboko alipoona vumbi lile hakungoja kuambiwa. Akatoka majini akinung'unika, "Mngekuja kwa utaratibu, mmoja mmoja, ningewasikiliza."

Wanyama wakanywa. Bi Ngiri hakunywa. Alijaza kibuyu, akakimbia, mkia juu, hakuimba. Akafika shimoni na jua linagusa ardhi.

"Wa kwanza, njoo unywe." Akaja, akanywa.
"Wa pili, njoo unywe." Akaja, akanywa.
"Wa tatu, njoo unywe." Akaja, akanywa.
"Siwazuri, njoo unywe, mama."

Siwazuri hakuja. Alikuwa amefika nyumbani kwingine tangu alasiri.

Bi Ngiri akapiga magoti, akammiminia maji mdomoni vivyo hivyo, hadi kibuyu kikaisha.

Siku ya tatu ya matanga Fisi akaja na mbiu yake. "Mzee Kiboko anatoa pole. Anasema vizuizi viliwekwa kwa usalama wenu."

Bi Ngiri akamjibu, "Mwambie pole nimeisikia. Na mwambie nimetafuta usalama huo shimo zima, nimekuta kaburi."

Ndiyo maana hadi leo ngiri hupiga magoti anapokula. Watu husema ni shingo fupi. Shingo fupi ya nani! Ngiri amekubali kuyapigia magoti majani, kwa kuwa majani hayajawahi kumfungia njia. Kiboko hapigiwi.

Na funzo lake ni hili: mwenye haki haogopi watu wakikaa pamoja. Ukiona mtu anaweka miiba njiani ili wawili wasikutane, muulize kwanza amekalia nini. Tena muulize mapema, kwa maana kuna watoto wasioweza kungoja hadi jioni.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni aliyefunga njia. Haya, inukeni mkalale. Lakini tokeni mmoja mmoja, kwa sababu mkitoka wote pamoja, kibali nitaulizwa mimi.