Bapa la Chuma la Fundi Semboja

"Mkono hupima uzito, haupimi nguvu."

Nimeyasema haya kwa wanafunzi wangu wa ufundi, baada ya Mbaruku kuiinua pawa saplai ya kompyuta, kuichezesha mkononi na kututangazia kwamba ni nzuri kwa sababu ni nzito. Mwenzake Chausiku akauliza methali hiyo imetoka wapi. Si ya kale. Aliyeisema mara ya kwanza nilimfahamu, na ilizaliwa hapa hapa Korogwe, kwa tukio nitakalowaeleza.

Bi. Mwanjaa Mhando alikuwa mwalimu mstaafu. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kutwangia, zile za Kizigua ambazo mmoja hutoa ubeti na wenzake wakaitikia. Kwa miaka mingi Bi. Mwanjaa alikwenda kijijini kila likizo na kinasa sauti chake. Mama alitwanga na kuimba, binti akarekodi. Mama alipofariki, ikabainika kwamba wanawake waliobaki walikumbuka viitikio tu. Beti alikuwa nazo marehemu peke yake, na sasa zilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyozimika ilipotaka, kwa kuwa kila safari alizihamishia humo na kukifuta kinasa.

Bi. Mwanjaa akaamua kuundiwa kompyuta mpya ya mezani. Alitaka kuondoa mvumo wa upepo na kelele za kuku katika zile sauti, kisha awagawie wanawake wa kijijini wajifunze beti upya. Kazi akampa Semboja, fundi wa kompyuta.

Semboja hakuwa mzembe. Nasisitiza hilo, kwa sababu mtaani mtasikia vingine. Alisomea kazi yake chuoni na alikuwa na mkono safi. Alichagua prosesa nzuri, yaani ubongo wa mashine, madabodi nzuri ya kuunganishia viungo vyote, na kumbukumbu ya kutosha. Mwishoni ikabaki pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kiungo cha mashine. Mafundi wa wakati ule walikiacha mwisho daima. Hakikuongeza kasi wala kupendezesha picha, kwa hiyo kilinunuliwa kwa kilichosalia.

Bi. Mwanjaa alifuatana naye dukani, na viliwekwa viwili mbele yao. Cha kwanza kilitoka kwa kiwanda kinachojulikana, kikiwa na dhamana, na bei yake ilikuwa juu. Cha pili kilikuwa na jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, ila lebo yake iliahidi nguvu kubwa zaidi. Semboja akakishika kimoja kulia na kingine kushoto, akafumba macho.

Bi. Mwanjaa akamtazama. "Fundi, unanunua mashine au unanunua tikiti maji?"

"Usicheke, mama. Ndani ya kitu hiki kuna shaba na vyuma vya kupozea. Wakibania shaba, kinakuwa chepesi kama debe tupu. Hebu shika mwenyewe."

Akashika. Chenye jina geni kilikuwa kizito zaidi, tena kwa mbali.

"Hiki kama jiwe la kusagia," alisema.

"Umeona? Mkono haudanganyi."

Muuzaji akakunja mikono. "Fundi ameshasema. Mimi niongeze nini?"

Kanuni ya Semboja ilikuwa na ukweli ndani yake. Pawa saplai nzuri mara nyingi ni nzito. Lakini mafundi wote walipima hivyo, mbele ya wauzaji wote, na habari ya namna hiyo hufika hata kiwandani. Semboja hakulifikiria hilo.

Akaiunda mashine. Diski ya zamani yenye nyimbo akaihamishia humo, kwa kuwa ile kompyuta kuukuu haikuaminika tena. Kwa tahadhari akaongeza diski ya pili na kunakili kila kitu. "Sasa mama yako yuko mara mbili," alimwambia Bi. Mwanjaa, naye akafurahi. Hakuna kati yao aliyeona kwamba diski zote mbili zinalishwa na kisanduku kimoja.

Kwa majuma kadhaa mashine ilifanya kazi vizuri. Kuandika barua na kusikiliza wimbo mmoja mmoja ni mzigo mdogo. Kisha asubuhi moja Bi. Mwanjaa akaiamuru isafishe nyimbo zote kwa pamoja, na prosesa ikaanza kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Feni zikavuma. Ukasikika mlio mkavu, kama kijiti kikivunjika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni.

Semboja alipofika, neno la kwanza lilikuwa, "Umeme umeruka, mama."

"Jokofu linafanya kazi," Bi. Mwanjaa akajibu. "Televisheni inafanya kazi, na iko kwenye soketi iliyo kando ya hiyo. Umeme uliruka kwa nani?"

Semboja akachukua bisibisi. Akaifungua pawa saplai juu ya meza ya chakula. Nyaya zilikuwa nyembamba na sehemu ya kinga haikuwekwa kabisa, nafasi yake ikiwa tupu. Ndiyo maana ilipokufa haikufa peke yake: ilisukuma umeme mkubwa kupita kiasi ndani ya madabodi na ndani ya diski zote mbili. Na chini, likiwa limebandikwa kwa gundi, kulikuwa na bapa la chuma lenye unene wa kidole. Halikuunganishwa na kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuwa zito.

Semboja akalibandua, akabaki amelishika.

"Ilikuwa nzito, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Niliipima. Na wewe uliipima."

Bi. Mwanjaa akalichukua, akalilaza kiganjani. Hakupaza sauti.

"Mkono hupima uzito, mwanangu. Haupimi nguvu."

Diski zilipelekwa Dar es Salaam kwa wataalamu. Zilirudi kama zilivyokwenda. Kilichopatikana ni kipande cha wimbo mmoja ambacho mjukuu alikuwa amekifanya mlio wa simu yake: ubeti mmoja, na mwanzo wa wa pili. Katikati ya neno unakatika. Wanawake wa kijijini waliujifunza hivyo hivyo ulivyo, na hadi leo wakifika pale hunyamaza, mchi ukiendelea peke yake.

Semboja alilining'iniza lile bapa mlangoni mwa duka lake. Kila aliyeuliza, alimwambia maneno ya Bi. Mwanjaa na jina la aliyeyasema. Hivyo ndivyo yalivyosambaa. Wengine walidhani ni busara ya kale, na sasa husemwa hata kwa mchumba, kwa mgombea na kwa gunia la saruji. Semboja mwenyewe sikumwona tena akipima kitu kwa mkono, hata nyanya sokoni.

Basi, Mbaruku, kiweke kisanduku chako mezani. Chausiku, leta zile balbu za gari tukiunganishe nazo ziwe mzigo wake, tuone kama umeme wake utasimama au utayumba. Huenda ni kizuri. Sijui, na wewe hujui bado. Mkono hupima uzito, haupimi nguvu.