Aliyewazuia Watu Darajani

Mtu mmoja alikuwa amechoka na haraka. Jina lake Gervas. Aliacha kazi ya mjini, akanunua kamera nzuri, akaanza kuzunguka nchi kwa miguu, taratibu, akilala alipokaribishwa. Hakuwa mtu mbaya. Alichokiona alikirekodi katika video ndefu zisizo na maneno: ukungu, maji, majani yakitikisika. Watu waliokosa usingizi mijini walizitazama, wakapumua.

Asubuhi moja, katika milima ya Upare, alifika kwenye daraja la mbao lililovuka korongo. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka juu. Jua likaanza kuufungua polepole, na chini yake yakaonekana maporomoko ya maji, meupe, kana kwamba yanaumbwa wakati ule ule. Alijiona mdogo, na udogo ule ukampa amani ambayo hakuwahi kuipata popote. Akasimamisha kamera.

Ndipo watu wakatokea ng'ambo ya daraja, wamebeba kitu mabegani. Gervas aliinua mkono kuwazuia. Wakasimama. Baada ya muda wakajongea. Akauinua tena, kwa ukali kidogo. Wakasimama tena. Yeye hakuwa na haraka, akadhani hakuna mwenye haraka. Ukungu ulipokwisha aliwapungia wapite, akainama kutazama alichokipata. Walipita nyuma yake karibu wanakimbia. Mmoja wao alisema, "Mungu akubariki," na Gervas akafurahi, akaona hata wenyeji wanaheshimu uzuri wa mahali pao.

Video ile ilipendwa kuliko zote. Watu waliandika kwamba imewaponya. Kwa hiyo mwaka uliofuata Gervas alirudi kwenye kijiji kilicho karibu na daraja lile ili wenyeji nao waione. Akapewa kanisa, akafunga madirisha, akaionyesha ukutani kwa projekta. Daraja lilipotokea, mwanamke aliyeketi mbele alianza kulia. Gervas akajisemea moyoni kwamba uzuri umemgusa.

Video ilipokwisha, mwanamke yule, Namkunda, alikuja akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Siku ile mimi ndiye niliyekuwa kwenye machela. Uchungu ulikuwa umenishika vibaya, mkunga akasema nipelekwe zahanati upesi. Mtoto hatukumwahi, kaka. Lakini ulivyotuzuia tulijua umeona mbao zimeachia, unataka ukungu uondoke kwanza tuone pa kukanyaga. Tungetumbukia wote. Mume wangu hakujui jina, ila halali bila kukuombea."

Mumewe, Mbonea, alikuwa amesimama karibu, akiitikia kwa kichwa.

Wakaleta chakula cha mgeni, wali na kuku, wakamnawisha. Gervas alijua kwamba akinyamaza, siri ile atazikwa nayo. Alijua pia kwamba watu hawa wana faraja moja tu juu ya mtoto yule, na faraja yenyewe ni uongo, ingawa si yeye aliyeutamka. Alikula tonge la kwanza. Akala la pili, wakimtazama kwa upendo. La tatu akalirudisha kwenye sahani.

"Daraja lilikuwa zima," alisema. "Nilikuwa narekodi video hii."

Mbonea akauliza, "Ulituona?"

"Niliona watu wamebeba kitu. Sikuuliza ni nini."

Hakuna aliyempiga, wala aliyemtukana. Walitoka mmoja mmoja bila kumuaga, na chakula kikabaki pale pale mbele yake. Namkunda peke yake ndiye ambaye hakutoka. Alimwambia airudishe video mwanzo. Gervas akairudisha, na ukungu ukaanza kufunguka ukutani, mzuri vile vile, bila mtu hata mmoja ndani yake.

"Hapo," Namkunda alisema, "alikuwa bado anacheza tumboni."

Kisha akatoka.

Gervas aliifuta video ile mtandaoni. Wengi walimlalamikia, wakamuuliza kwa nini amewanyang'anya utulivu wao. Mpaka leo angali anatembea kwa miguu, lakini akiona watu wanakuja huwapisha mapema, akaangalia chini mpaka wapite.

Nanyi mlioketi hapa, mnaomwomba Mungu awape utulivu: je, ni nani amesimama akingoja ili ninyi mtulie?