Aliyegonga Bila Hodi

Ndugu, habari hii ilinifikia kupitia kwa wengine, nami naipitisha kama nilivyoipokea. Ukimaliza kuisoma, mpelekee jirani yako. Kama anakaa karibu, mpelekee kwa miguu.

Katika milima ya Upare, mwisho kabisa wa kijiji cha Ngasinda, palikuwa na nyumba mbili zilizojitenga na nyingine zote. Ya juu ilikuwa ya Elinazi Mrutu (si Eliasi, kama wengine wanavyosimulia), mzee wa kanisa la Kilutheri. Ya chini, ng'ambo ya kijito, ilikuwa ya Zefania Kiondo, Msabato, na mkewe Nakijwa. Kati ya nyumba hizo palikuwa na migomba tu, na ukungu uliopanda kutoka bondeni karibu kila alasiri.

Elinazi alikuwa mjane. Mkewe, Namkunda, alifariki wakati wa mvua za masika, na kikombe chake cha bati kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari jikoni. Elinazi hakukitumia wala hakukiondoa.

Alasiri, kazi za shamba zikiisha, Zefania alipanda kwa rafiki yake akitegemea mkongojo wenye ncha ya chuma. Hakuzunguka mbele. Alifika mlango wa uani, akaugonga kwa ile ncha mara mbili upesi upesi, akatulia kidogo, akagonga mara moja tena. Ndipo akapiga hodi. Wakala makande ya mahindi na maharage, wakabishana.

Ubishi wao ulikuwa mmoja miaka yote. Elinazi aliamini kwamba mtu akifa katika Bwana, roho yake huenda kwa Mungu siku ileile, na kutoka huko huenda hata ikatuona. Zefania aliamini kwamba mtu akifa amelala, hajui lolote, mpaka parapanda ya mwisho itakapomwamsha.

"Wewe Mrutu una haraka," Zefania alikuwa akimtania. "Unataka ufe asubuhi, mchana uwe unakunywa chai mbinguni. Hata fundi viatu hukuambia urudi kesho."

"Na wewe unataka ukae ardhini kama muhogo uliosahauliwa," Elinazi alimjibu.

Walicheka. Lakini Elinazi alicheka kwa mdomo tu, maana kwake huo haukuwa mchezo. Kama Zefania alisema kweli, basi Namkunda hakuwa anamwona, wala hakusikia maneno aliyomwambia kila asubuhi alipowasha moto. Alitaka kujua. Wala hakutaka kujua kwa mahubiri, kwa maana mahubiri alikuwa ameyasikia yote, mengine ameyatoa yeye mwenyewe.

Siku moja alimtolea rafiki yake shauri. Atakayetangulia kufa, kama roho yake itakuwa macho, arudi amwambie mwenzake.

Zefania hakulipenda shauri hilo. Alisema kwamba wafu si watu wa kutumwa, na kwamba akilala hatakumbuka hata kuwa aliahidi. Elinazi akashikilia. Alisema ishara itakuwa rahisi: kugonga kulekule, mara mbili na mara moja, katika mlango wa uani, lakini bila hodi. Mtu aliye hai hapa milimani hawezi kugonga mlango wa mwenzake akanyamaza. Atakayegonga bila hodi atakuwa ametoka kwingine.

Zefania alikoroga majivu kwa mkongojo wake kwa muda.

"Haya," akasema. "Mimi naahidi kugonga. Na wewe je, utafungua?"

"Nitafungua."

"Sema tena, Mrutu."

"Nitafungua."

Zefania alikufa kabla ya mavuno. Kifua kilimbana, akalala, hakuamka. Watoto wake walikuja kutoka Tanga na Moshi, wakazika, wakataka kuondoka na mama yao. Nakijwa alikataa. Alisema hatatoka pale kabla ya arobaini. Akavaa kaniki nyeusi kichwani mpaka miguuni, akafunga kinywa, kama wajane wa upande ule wanavyofanya. Ni desturi ya zamani ambayo makanisa yote mawili yaliikuta na kuiacha iendelee. Mpaka arobaini ipite, mjane anasema ndani ya nyumba yake tu. Akitoka nje hapazi sauti, hasalimu, haiti mtu.

Mbele ya kaburi Elinazi aliwaambia wale watoto wasiwe na wasiwasi, maana yeye yupo na atamwangalia shemeji yake. Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini alipofika nyumbani aliketi kuuelekea mlango wa uani, na tangu saa ile hakuufikiria mlango mwingine wowote.

Aliacha kwenda sokoni. Jumapili hakuonekana kanisani. Alisema moyoni kwamba akitoka, huenda rafiki yake akaja na kumkosa. Kuhusu Nakijwa, alisema atateremka kumwona akishapata jibu.

Alasiri moja ukungu ulipanda mzito, ukaimeza migomba, ukasimama uani. Kuku wakanyamaza. Elinazi alikuwa akipuliza moto.

Chuma kikagonga mbao. Mara mbili, tena si upesi. Kimya. Kisha mara moja.

Alingoja hodi. Hodi haikuja.

Alisimama. Alikuwa amelitayarisha swali lake tangu siku ya maziko, lakini sasa lilimtoka kwa sauti ya mtoto.

"Zefania. Unamwona Namkunda?"

Upande wa pili wa mlango kitu kilipumua. Elinazi aliweka jicho kwenye ufa. Katika ule weupe wa ukungu palisimama weusi mrefu usio na uso. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Baadaye akasikia ncha ya chuma ikichoma udongo, na baada yake kitu kikikokotwa, hatua kwa hatua, kuelekea migombani.

Hakula siku hiyo. Alikaa akiogopa na kufurahi kwa pamoja, maana alijua sasa kwamba alikuwa amesema kweli miaka yote. Rafiki yake hakulala. Kilichobaki ni jibu.

Siku ya pili yake alikesha mchana kutwa, kama mtu anaweza kukesha mchana. Ukungu ulipopanda, mlango ukagongwa tena, sasa kwa udhaifu, kama mkono unaogonga umechoka na safari. Elinazi aliuliza swali lake. Akanyamaziwa. Akauliza tena, akaongeza, akasema habari za kikombe cha bati na maneno ya asubuhi. Aliweka mkono juu ya komeo. Aliahidi kufungua, mara mbili aliahidi. Lakini aliukumbuka ule weusi usio na uso, na mkono wake ukakataa. Alisema kwa sauti, "Nijibu kwanza, ndipo nifungue."

Chuma kilikaa kimya muda mrefu. Kisha kikakokotwa kuondoka, polepole kuliko jana.

Kesho yake mlango haukugongwa. Kesho kutwa pia. Elinazi alianza kuona kwamba amemkosea mgeni wake, na kwamba labda hatarudi tena. Alimlilia Namkunda upya, kana kwamba amemzika juzi.

Basi siku iliyofuata, jua likiwa limesimama katikati ya mbingu na ukungu ukiwa hata haujaamka bondeni, mlango wa uani ukagongwa.

Huu haukuwa ule mkono dhaifu. Huu ulikuwa mkono aliouzoea: mara mbili upesi upesi, kimya, mara moja. Na kabla hajainuka, tena. Na tena. Zefania hakuwahi kurudia kugonga katika maisha yake, kwa kuwa alikuwa mtu mpole. Aliyegonga sasa alikuwa na hasira. Mbao zilitikisika, kikombe cha bati kikaanza kulia kwenye msumari wake. Elinazi hakupata nafasi ya kuuliza swali lolote. Aliona tu kwamba asipofungua, mlango utavunjwa, na akaona kwamba itakuwa haki uvunjwe.

Akavuta komeo, akafungua.

Uani palikuwa peupe. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wanaparura penye jua.

Ndipo Elinazi akatazama chini. Mbele ya kizingiti, katika udongo uliokauka, palikuwa na alama za siku zile za ukungu. Palikuwa na matundu ya ncha ya mkongojo. Palikuwa na unyayo mmoja mdogo, mtupu, wa mwanamke. Pembeni yake palikuwa na mfuo mrefu, kana kwamba mguu wa pili uliburutwa, na ndani ya mfuo ule matone meusi yaliyokauka.

Aliinama akagusa tone moja. Ilikuwa damu. Na roho haitoki damu.

Mzee yule aliteremka migombani akikimbia, akavuka kijito bila kutafuta mawe ya kukanyagia. Mlango wa Nakijwa ulikuwa umerudishiwa tu. Akapiga hodi mara moja, akaingia.

Nakijwa alikuwa amelala juu ya mkeka na kaniki yake nyeusi. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe alipokuwa akipalilia maharage, na sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, na harufu yake imejaa chumba. Macho yake yalikuwa na homa. Lakini alikuwa ndani ya nyumba yake, kwa hiyo alisema.

"Karibu, shemeji. Umechelewa kidogo."

Elinazi alipiga magoti. Alimuuliza kwa nini hakutuma mtu kijijini.

"Nimtume nani? Nilikuja kwako. Marehemu ndiye aliyeniagiza." Alipumzika, akaendelea. "Aliniambia, 'Mimi huenda nikalala nisijue kitu, na nimemwahidi Mrutu kugonga. Ukipata shida nenda wewe, ugonge kama mimi. Yeye ameahidi kufungua.'"

Elinazi aliutazama mguu ule.

"Mara ya kwanza nilisikia unaongea naye," Nakijwa alisema. "Nikaona si adabu kuwakatiza."

Hakuwa anamlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Mzee alimwuliza, kwa sauti ndogo, kama leo pia alikuwa amekuja.

"Leo? Sijasimama tangu siku ile ya pili. Tazama, hata mkongojo sijaugusa."

Mkongojo wa Zefania ulikuwa umeegemea ukuta, nyuma ya mlango. Elinazi aliutazama, naye Nakijwa akageuza kichwa akautazama. Nje palikuwa pakavu. Lakini ncha ya chuma ilikuwa na tope bichi, na tone la maji likatoka kwenye tope lile, likaanguka sakafuni.

 Elinazi aliinuka, akaenda kijijini kuita watu.

Vijana walimteremsha Nakijwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Daktari aliukata mguu chini ya goti, akasema kwamba wangechelewa siku moja zaidi wangekuwa wanazungumza na watu wa maziko, si na yeye. Elinazi alikaa karibu na kitanda mpaka mgonjwa alipoweza kula. Siku moja akapata ujasiri akamwuliza kama marehemu aliacha neno lolote kuhusu lile swali.

"Aliacha," alijibu Nakijwa. "Alijua utauliza. Alisema, 'Akiuliza habari za Namkunda, mwambie kwamba Namkunda anaye wa kumtunza. Wewe Nakijwa huna mwingine ila Mrutu.'"

Elinazi aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Nakijwa alipona, akarudi Ngasinda, na mkongojo wa mumewe ukawa wake. Alasiri alipanda taratibu kati ya migomba, akagonga mara mbili na mara moja. Arobaini ilikuwa imekwisha kupita, kwa hiyo alipiga hodi. Mara nyingi hakuwahi kuimaliza hodi yake kabla mlango haujafunguliwa. Makande aliyapata moto, na chai aliinywa katika kile kikombe cha bati, ambacho Elinazi alikishusha msumarini kwa mkono wake mwenyewe.

Watu walipomwuliza Elinazi ni yupi kati yao wawili aliyekuwa amesema kweli, anayesema roho hukesha au anayesema hulala, alijibu kwamba atajua zamu yake ikifika, na kwamba huko anatazamia kuulizwa yeye kabla hajauliza.

Na zipo alasiri ambazo ukungu ulipanda, chuma kikagonga, na Elinazi alipofungua hakuona mtu. Alisema "Karibu" vilevile. Kisha aliuacha mlango wazi, akatazama chini kwanza kama kuna nyayo, halafu akateremka kwa Nakijwa kuuliza kama anahitaji kitu.

Mara zote alikuwa anahitaji.

Funzo: Usingoje wafu wakuambie habari za mbinguni huku walio hai wanagonga mlangoni kwako, kwa maana roho za waliotutangulia zimo mikononi mwa Mungu, bali jirani yako amewekwa mikononi mwako.