Pimbi na Mlango wa Mbele wa Mlima

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na hata likizo, palikuwa na mlima mrefu wenye theluji kileleni. Sogeeni karibu, nyie wa nyuma, na anayetafuna muwa ateme makapi nje kwanza.

Chini ya mlima huo aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo hivi, hana mkia, lakini mawe yote ya mlimani alikuwa anayajua kama anavyozijua sufuria zake. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni.

Siku moja, gudu! gudu! gudu! Akatokea Bwana Nyati, jitu la kifua, na nyuma yake mama yake mzazi, Bibi Nyati, kikongwe mwenye macho mazuri na magoti mabovu.

"Wewe ndiye kiongozi?" Nyati akanguruma. "Mama yangu anaitazama theluji ile kutoka bondeni tangu utoto wake. Anataka aiguse kabla hajafa. Haya, tupeleke!"

"Karibuni sana. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njia zenyewe ziko ngapi?"

"Tatu, Bibi. Iko Njia ya Ngazi, imenyooka mpaka juu, siku mbili tu. Iko ya Msitu, lakini daraja lake limezolewa na mvua. Na iko ya Mzunguko, siku saba."

"Siku saba!" Nyati akacheka. "Nizunguke kama pia? Ngazi! Kifaru alipanda kwa siku mbili, na mtaa mzima hatulali kwa majigambo yake."

Moyo wa Pimbi ukafanya paa! Yeye alijua Kifaru aliishia wapi: kwenye jiwe la kwanza, akarudi anatambaa. Na mwaka ule ule wa Kifaru, Pimbi alikubali kumpandisha Swala mmoja kwa njia hiyo hiyo, kijana mwenye mbio zake. Hewa ya juu ni nyepesi, jamani, na mwili uliotoka bondeni lazima uizoee taratibu. Swala hakupata muda wa kuizoea. Pimbi alimzika kule kule chini ya mawe, na kila akimkumbuka alikuwa analia.

"Bwana Nyati," akasema kwa upole, "ile hewa ya juu inaua."

"Hewa? Ha! Ha! Hewa ina pembe?"

Basi hapo mtu mwingine angefanya nini? Kumvuta Nyati mkia? Pimbi akajikuna sikio, akafikiri, halafu akaanza kufunga mizigo bila haraka.

"Haya, kama umeamua kumpitisha mama yako uani, twende."

Nyati akasimama. "Uani? Uani wapi?"

"Aa, hukujua? Njia ya Ngazi ndio mlango wa uani wa mlima. Wanapita wachota maji na wakata kuni. Kifaru alipita huko, maskini, hakuna hata aliyempokea. Wageni wa heshima wanapita mlango wa mbele, Njia ya Mzunguko."

"Mimi nipite uani! Na mama yangu huyu!"

"Lakini mlango wa mbele una adabu zake," Pimbi akaendelea. "Kila kona unapiga hodi, unasubiri mwenye mlima aseme karibu. Ukipiga tatu na kimya, unarudi chini, unalala, unakuja kesho. Si ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Ndivyo," Nyati akasema, kifua mbele. "Sisi ni watu wa adabu. Tunapita mbele!"

Bibi Nyati akamtazama Pimbi kwa muda mrefu.

Jioni ile, Nyati alipokuwa anakula, Pimbi alikimbia kwa ndugu zake. Na pimbi wana ndugu, msiulize! Akawaambia, "Jificheni nyuma ya mawe ya njiani, kila kona mmoja. Nikikohoa, itikieni. Nisipokohoa, hata mkifinywa, kimya!"

Wakaanza safari. Kona ya kwanza, Nyati akapaza sauti, "Hodiii!"

Kimya. Nyati anahema, hfff! hfff! Bibi anahema polepole, ameegemea jiwe. Pimbi akatega sikio lake kwenye pumzi ya Bibi mpaka ikatulia. Ndipo akakohoa: kho!

"Kariiibu!" jiwe likaitika kwa sauti ya puani.

"Umesikia, Mama?" Nyati akafurahi kama mtoto. "Tumekaribishwa!"

Ikawa ndivyo siku tatu. Hodi, kimya, kupumzika, kho, karibu. Bibi akawa anapata nguvu, mpaka akaanza kuimba njiani.

Siku ya nne mambo yakabadilika. Nyati hakugusa chakula. Macho mekundu, miguu inayumba. Pimbi akamkuta nyuma ya mwamba: "Woooh! Woooh!" Anatapika.

"Bwana Nyati, unaumwa?"

"Nani? Mimi?" Nyati akajifuta mdomo haraka. "Majani ya asubuhi yalikuwa mabaya. Na usimwambie Mama!"

Kumbe kichwa kilikuwa kinagonga, ngo! ngo! ngo! Lakini ameona haya. Jitu lote lile, aseme anaumwa, huku mama yake mzee anaimba?

Wakafika kwenye kona. "Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Kimya. "Hodiii!" Pimbi amebana midomo, hakohoi.

"Hajasikia huyo," Nyati akasema. "Mimi napita."

Akainua mguu. Pimbi akaruka akasimama mbele yake.

"Bwana Nyati! Utaingia nyumba ambayo hujaitikiwa? Mbele ya mama yako?"

Nyati akamtazama Pimbi, akamtazama mama yake, akashusha mguu. Wakageuka, wakateremka mpaka kwenye vichaka vya chini, wakalala hapo. Asubuhi Nyati akaamka kichwa chepesi, akamaliza kichaka kizima peke yake. Wakaanza tena kupanda, hodi kwa hodi.

Siku ya nane, kona ya mwisho. Theluji inaonekana pale.

"Hodiii!"

Kho!

"Kariiib... chya!"

Nyati akatoa macho. "Mlima una mafua?"

Akasukuma jiwe kwa pembe, grrr! Akamkuta mjomba wake Pimbi, kitambi na shuka begani, anafuta pua.

"Nimedanganywa!" Mlima mzima ukatikisika. "Siku nane nawapigia hodi hawa! Leo nakusaga, Pimbi!"

Kwato likapanda juu ya kichwa cha Pimbi. Pimbi akafumba macho. "Nimekudanganya, ndiyo," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilishamzika mgeni mmoja mlimani huku. Sikutaka kuwazika na nyie."

"Shusha mguu huo!" Ilikuwa sauti ya Bibi Nyati.

"Mama, ametudanganya!"

"Amekudanganya wewe. Mimi nimejua tangu siku ya pili. Mlima gani unaongelea puani? Nikanyamaza, kwa sababu kila kona nilikuwa napata kupumua. Sasa niambie, siku ya nne kichwa kilikuuma?"

Nyati akainamisha macho. "Kiliniuma, Mama."

"Ulitapika?"

"Nilitapika."

"Uliniambia?"

"Sikukuambia."

"Basi mwongo ni nani hapa?" Bibi akauliza. "Huyu mdogo amedanganya ili tufike wazima. Wewe ulinidanganya ili uonekane dume. Ungeanguka pale, mwanangu, mimi na magoti haya ningekubeba na nini?"

Mjomba akaibana chafya yake. Kwato likashuka taratibu, likakanyaga chini pembeni mwa Pimbi.

"Nisamehe, Mama," Nyati akasema. "Na wewe, Pimbi, nisamehe. Siku ile niliona mlima unazunguka, nikaona haya kusema."

Wakatembea hatua za mwisho. Bibi Nyati akainama, akagusa theluji kwa ulimi. "Lo! Ulimi wangu!" Akacheka mpaka akalia, akajipaka usoni, akampaka na Pimbi.

"Njoo, mwanangu, kuna nyingine kule mbele!" akamwita Nyati.

Nyati akataka kuondoka mbio, halafu akasita. Akakaa chini, puu!

"Mama, nisubiri kidogo," akasema. "Nimechoka."

Bibi akarudi, akakaa naye.

Basi wajukuu zangu, mjue hivi: nguvu hazimfikishi mtu popote kama anaona haya kusema amechoka.