Kwa Nini Mvinyo wa Grenashi Hutikiswa, Hunuswa, Kisha Hutemwa

Wewe uliyezamisha pua kwenye glasi kama mbwa aliyekuta chungu cha jirani, unajua unatafuta nini humo? Hujui. Na wewe unayeufinyia jicho mvinyo juu ya kitambaa cheupe, na mwenzako anayeusukutua kisha anautema ndooni kwa uso wa hakimu, mmeambiwa huo ni ustaarabu. Mmeusomea kozi, mkapewa na cheti. Basi tulieni. Ustaarabu huo ulianzia karamuni, kwenye nchi ya vumbi na upepo, kwa sababu ya wivu wa mwanamke mmoja.

Hapo kale, mvinyo wote wa Ilolo, ndiyo nchi hiyo, ulikuwa mweusi. Si mwekundu, mweusi, mzito, wa kutafunwa zaidi ya kunywewa. Zabibu zilipondwa kwa miguu, maji yake yakaachwa mtungini pamoja na maganda, na mtungi haukuchujwa mpaka maganda yazame yenyewe. Hakuna aliyeunusa. Anuse pombe ana wazimu? Mvinyo ulipimwa kwa kiganja. Ulidondoshewa tone, ukaliacha likauke, ukaenda kunawa. Uliokubali kutoka ulikuwa wa watoto. Uliogoma ndio uliokuwa mvinyo.

Mwanamke ambaye mvinyo wake uligoma kuliko wa wenzake aliitwa Mama Mtungi. Ndiye aliyetaja siku ya kuanza kuvuna, na hapakuwa na arusi wala matanga ambayo watu walikunywa kabla hajachota kata ya kwanza. Cheo hicho kilikuwa cha Nyemo, mke wa Chilongani, na alikuwa amekishika muda mrefu hata watoto wakadhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Viganja vyake vilikuwa na doa kama la mtu aliyetoka kuchinja, wala hakuvificha. Akisalimiana nawe, aliufungua mkono kwanza uuone, ndipo akakupa.

Kisha Sechelela akarudi nyumbani.

Sechelela alikuwa dada yake Chilongani, na kwa hiyo wifi yake Nyemo. Aliolewa mbali, ng'ambo ya nchi zisizojulikana majina, ndoa ikamshinda, akarudi kwao kwa miguu. Mzigo wake wote ulikuwa kijiti kimoja kilichoviringwa kwenye kitambaa kibichi.

"Wenzio wakiachwa hurudi na ng'ombe," Nyemo alimpokea mlangoni. "Wewe umerudi na kuni?"

"Ni mzabibu, wifi. Unaitwa grenashi."

"Gre-nini?"

"Grenashi."

"Jina kama kikohozi. Karibu ndani."

Kijiti kikapandwa nyuma ya boma, mahali ambapo hata mbigili ilikuwa imekata tamaa. Mizabibu ya Ilolo ilizoea kutunzwa kama wazee, kila mmoja na nguzo yake ya kuegemea. Grenashi haukuomba nguzo. Ulijisimamia mnene na mfupi, upepo ukaupiga, jua likauchoma, na mwaka ambao mizabibu ya Nyemo ilikunja majani, ule wa Sechelela ulizaa mpaka matawi yakalala chini. Ulichelewa tu kuiva. Wote walikuwa wamekwisha kuvuna na wamekwisha kujisifu, ndipo grenashi ulipoanza kujipaka rangi, bila haraka, kama bibi arusi anayejua kwamba hakuna shughuli bila yeye.

Wivu wa Nyemo haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa kukaa. Ulikaa naye jikoni, ukaenda naye kisimani, ukarudi naye na kumsaidia kutua ndoo. Alianza kuona mambo ambayo zamani hakuyaona: kwamba wanawake wakitoka kuchanja kuni walipitia nyuma ya boma badala ya mbele, kwamba wifi yake alicheka kwa sauti kama mtu asiyewahi kuachwa, kwamba Chilongani, ambaye hakupata kusema lolote kuhusu mvinyo wa mkewe ila "ongeza", sasa alisema mbele ya wageni, "Dada yangu ana mkono." Siku moja Nyemo alichuma punje moja ya grenashi wakati hakuna mtu. Ganda lake lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Ndani ilikuwa tamu, tamu mpaka akachukia.

Mavuno ya kwanza ya Sechelela yalipondwa, yakatiwa mtungini. Maganda hayajakaa vizuri, habari ikaja kwamba mjomba amefariki ng'ambo ya milima. Chilongani na dada yake walipaswa kwenda, na msiba wa mjomba si wa kuwahi kurudi.

"Wifi yangu," Sechelela alisema huku akijifunga khanga, "niangalizie mtungi. Maganda yakizama, nichujie."

"Nenda, wifi. Mtungi wako ni mtungi wangu."

Waliosema mchawi mpe mwanao akulelee hawakuwahi kuwa na mtungi wa mvinyo. Kesho yake asubuhi, kabla maganda hayajamaliza kupanda juu seuze kuzama, Nyemo alichukua kung'uto akachuja. Kuyakamua hata hakuyakamua. Aliyatoa tu yakiwa bado na rangi yake yote, akawamwagia mbuzi, ambao adhuhuri ile walikutwa wamelala chali huku wanatabasamu. Kilichobaki mtungini kilikuwa chekundu chepesi, kama maji yaliyooshewa nyama. Nyemo alikitazama akaona raha ambayo hakuwa ameiona tangu kijiti kile kifike. Akafunika mtungi, akaukandika udongo shingoni, akasubiri.

Waliporudi alimwambia, "Yalizama vizuri, wifi. Nimeshakuchujia." Na Sechelela akamshukuru kwa kupiga magoti.

Siku ya karamu watu wa Ilolo walikusanyika uwanjani kwa Mtemi Madeje, mzee mfupi mwenye masikio makubwa aliyeshika kata ya Mama Mtungi na kumpa aliyestahili. Mitungi ya wengine ilifunguliwa, viganja vikatiwa madoa, watu wakashangilia. Ukaja mtungi wa Sechelela. Ukapasuliwa udongo, kibuyu kikachotwa, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Dada Sechelela, nyama yenyewe iko wapi? Naona umetuletea maji yake!"

"Jamani, msimseme mgonjwa. Mvinyo huu una safura."

Mwanamke mmoja akavua kilemba chake cheupe, akakishika nyuma ya mchirizi uliokuwa ukimiminwa. "Hebu miminia hapa tuone kama kuna rangi, au tumelewa kabla ya kunywa." Naam, kulikuwa na rangi, lakini kilemba kilionekana upande wa pili, na hilo likazidisha kicheko.

"Pengine rangi imelala chini," akadakia kijana mmoja. "Iamshe! Itikise!" Kibuyu kikashikwa shingoni, kikazungushwa, kikazungushwa tena, mvinyo ukawa unakimbia ukutani mwa kibuyu kama ng'ombe zizini. Sechelela alikuwa amesimama palepale, mikono ameikunja tumboni, anatazama miguu yake. Nyemo alicheka kidogo tu, kwa adabu, kama inavyompasa wifi.

"Sasa nusa," wakamwambia mwenye kibuyu. "Labda walisahau kutia zabibu."

Akainamisha pua kwa mbwembwe, makalio juu, watu wakashika mbavu. Kisha makalio yakashuka. Akanusa mara nyingine, safari hii bila mbwembwe. Jirani yake akanyoosha mkono kukipokea kibuyu, hakukitoa. Ikabidi wanyang'anyane. Na kila aliyekipata alizamisha pua, akafumba macho, akasahau alikuwa anamcheka nani. Mmoja alisema ni matunda mekundu ya porini yaliyopasuka juani. Mwingine akasema hapana, ni pilipili manga. Bibi mmoja asiyependa maneno alisema ni majani makavu yakiguswa na mvua ya kwanza, akarudi kukaa, machozi yanamlengalenga. Mvinyo mweusi ulikuwa umekaa nao miaka yote na haukuwahi kuwaambia kitu.

Walitaka kunywa, ila Ilolo ilikuwa na mwiko wake. Mtungi wa mwanamke huonjwa kwanza na wifi yake, kwa kuwa kama kuna sumu, wifi ndiye anayeijua. Nyuso zote zikamgeukia Nyemo.

"Wifi mtu, onja tunywe!"

Akakipokea kibuyu. Akapiga funda. Mvinyo ulimkaa ulimini mwepesi kama maji ya kisima, kisha ukaanza kufunguka, tunda, halafu viungo, halafu joto lililopanda taratibu mpaka masikioni, joto ambalo mvinyo wake mweusi, pamoja na madoa yake yote, haukupata kuwa nalo. Akausogeza shavu hili. Akausogeza shavu lile. Alikuwa anatafuta kasoro, hata ndogo, hata ya kusingizia. Hakuiona. Na hapo akajua kwamba akiumeza amekwisha, kwa maana koo lingekubali, uso ungekubali, na Ilolo nzima ingeona. Basi akautema. Akautema chini mbele ya watu, kwa nguvu zote za moyo wake.

Watu wakayatazama mate pale vumbini.

"Ametema!" Mtemi Madeje akapaza sauti, mikono juu. "Mmemwona? Ameubariki!"

Maana kwa watu wale aliyetema kinywaji chini aliwatemea wahenga, na hakuna baraka iliyoshinda mate ya mtu mzima. Vigelegele vikapasua anga. Watu wakamkumbatia Nyemo, wakamsifu kwa moyo wake mweupe, wifi wa namna hii anapatikana wapi siku hizi. Kila aliyepata funda la kwanza akalitema kama alivyofanya yeye, ndipo akanywa la pili. Na Mtemi akaitwaa kata mkononi mwa Nyemo, kwa heshima zote, akampa Sechelela.

Tokea siku ile mpaka leo, mvinyo huchunguliwa mbele ya kitambaa cheupe, hutikiswa, hunuswa, huzungushwa mashavuni, kisha hutemwa. Mnaofanya hivyo hotelini na kuitana wataalamu mnarudia dhihaka za watu waliokuwa wanamcheka mtalaka, na mate ya mwenye kijicho. Lakini hayo hayaelezi kwa nini wajuzi wa grenashi huhofia kuuacha ukae mno na maganda yake, wala kwa nini mvinyo mwepesi wa rangi namna ile ni mkali namna ile. Hilo lilisubiri mavuno mengine.

Mwaka uliofuata Sechelela, sasa akiwa Mama Mtungi, aliponda zabibu zake mwenyewe na hakwenda popote. Alifanya kama alivyoamini ilifanyika: aliacha maganda mpaka yakazama. Siku ya karamu mtungi ukafunguliwa na mvinyo ukatoka mweusi tii. Wakautikisa, haukusema kitu. Wakaunusa, wakapeana kibuyu upesi. Mvinyo ulikwaruza meno kama embe bichi.

"Umeuficha ule mwingine?" wakamuuliza.

"Sijaficha kitu, wazazi wangu. Nimefanya vilevile." Akanyoosha mkono. "Mzabibu umenikataa, kama wakwe zangu walivyonikataa. Nipeni shoka."

Nyemo aliukunjua mkono wake wenye doa. Kata ilikuwa inarudi. Hakuhitaji kufanya lolote, ila kufunga mdomo, kazi ambayo alikuwa ameifanya mwaka mzima.

Ndipo Chilongani akakohoa.

"Wazee wangu," alisema, akisimama na kujipangusa shuka, "nilitaka ninyamaze. Mwaka jana, kabla ya kwenda msibani, niliuwekea mkono mtungi ule. Huu mkono. Mwaka huu hakuna aliyeniomba."

"Kumbe!" wanaume wakaitikia.

"Damu ya ukoo iko kwa mwanamume," Chilongani akaendelea, mkono juu, anaugeuza ili kila upande wauone. "Nilijua. Sikutaka sifa."

"Mkono wa Chilongani!" wakaanza kuimba. Wengine walisogea kuugusa. Mtemi Madeje, mtu aliyependa jambo liishe, akainua kata. "Basi kuanzia leo hatutakuwa na Mama Mtungi. Tutakuwa na Baba—"

Kushindwa na wifi, Nyemo alikuwa amekuvumilia. Kulimla, lakini wifi angalau alikuwa ameponda zabibu. Alikuwa amelala na kazi yake kifuani mwaka mzima bila kumwonyesha mtu, mvinyo bora kuliko wote uliopata kunywewa Ilolo, uliotoka mikononi mwake kwa hila yake mwenyewe, na sasa kazi ile ilikuwa inavishwa mkono usiojua tofauti ya mtungi na mto wa kulalia.

"Mkono wa nani?" alisema.

"Mama, kaa chini," Chilongani akamwambia, bado ameuinua.

"Sikai! Mkono huo haujapata kufunika hata chungu cha uji. Ushushe." Akasukuma watu mpaka mbele, akamkuta Sechelela ameshika shoka, akalishika na yeye. "Maganda hayakuzama, wifi. Niliyatoa mimi. Niliyatoa asubuhi ile ya kwanza, mimi Nyemo, mko msibani, ili mvinyo wako utoke maji, uchekwe, kata ibaki kwangu. Mnasikia? Ni mimi! Na wala sikuubariki. Niliutema kwa sababu ulikuwa mtamu."

Ndiyo maana mpaka leo wajuzi huchuja grenashi kabla maganda hayajazama, na ukali wake wote ni kijicho kile alichokifungia mtungini.